Chapati ya Kugawa kwa Kumi

Tunduma, Alhamisi, Agosti 2008

Eti nimeiba maharage! Mgongo bado unawaka, halafu kompyuta inaniita mwizi.

Nilipakia magunia kumi. Kila gunia lilipita mizani, kilo mia kamili, na kompyuta ya ghala ikaliandika kama sehemu ya kumi ya tani. Mwisho ikasema mzigo haujafika tani moja. Msimamizi akanikamata shati.

"Masanja, umeficha wapi?"

Nikamwaza mke wangu kule Shinyanga akisikia nimefukuzwa kwa wizi.

Karani wetu, Atu, akafungua tarakimu zote. Sifuri, nukta, halafu tisa tupu hadi ukingoni mwa skrini.

"Bosi, mwachie kaka wa watu! Mashine hii inajua kukata nusu, na nusu ya nusu, basi. Sehemu ya kumi haiipati sawasawa. Kwa kila gunia inakosea kidogo."

Akaiamuru ijumlishe kilo badala ya tani. Ikatoa elfu moja, bila mkia. Msimamizi akaniachia, akaenda zake bila samahani.

Mchana nilijaribu na chapati yangu: nusu, nusu ya nusu, nikitafuta sehemu ya kumi. Nilibaki na makombo. Atu alicheka mpaka akafuta machozi.

Siichukii ile mashine. Hata mimi desimali ndizo zilizonishinda shuleni.

Atu aliniletea chapati nyingine, nzima. "Kaka Masanja, hii kula tu. Usiigawe."