Mkono wa Mama Fundo

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua umeifungua bahasha hii umesimama mlangoni, kwa hiyo kwanza kaa, utafute na miwani. Goti linaendeleaje? Na baba, bado anabishana na redio? Mimi ni mzima, ila barakoa imenichubua masikio. Upasuaji usio wa dharura umesimamishwa kwa sababu ya hili gonjwa, na sisi tunaousomea tumeambiwa tubaki vyumbani, tujifunze kwa mtandao.

Mwanzoni nilicheka. Kujifunza kupasua kwa simu nilikuona sawa na kujifunza kuogelea kitandani. Lakini mama, sijawahi kufundishwa vizuri namna hii. Mwalimu wetu ni daktari bingwa tunayemwita Mama Fundo, kwa sababu fundo lake halifumuki. Zamani, kwenye chumba cha upasuaji, nilikuwa naona kisogo chake tu, wakubwa wamenikinga kwa mabega. Sasa ameegesha simu juu ya meza yake ya kulia chakula, na naona kila kidole. Tunashona maganda ya ndizi na vipande vya godoro, kila mtu kamera yake imeelekea mikononi. Anatutazama mmoja mmoja, hana haraka wala kejeli. Mtandao ukikatika, anarudia pale pale ulipokatikia. Kuna siku ametoka kwenye dharura, sauti imemkauka kwa uchovu, na bado akashona nasi. Nampenda mtu huyu, sikufichi.

Wenzangu walikuwa na lalamiko moja, kwamba simu yake inageuza picha kama kioo, maana mkono uliofanya kazi ulionekana ni wa kushoto. Wakawa wanapinda shingo kumfuata. Mimi nilimfuata bila kupinda shingo. Unaujua mkono wangu. Tangu utotoni ulinikataza kuutumia, ukaniambia dunia haikutengenezwa kwa watu wa mashoto, na hospitali ikaja kuniambia hayo hayo: mikasi yote ni ya mkono wa kulia, na nikijisahau napigwa kiwiko. Hapo ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza mtu akishona kama mwili wangu unavyotaka. Mafundo yangu yakaanza kukaza.

Juzi aliinua boksi la nyuzi atuonyeshe unene wa uzi, na maandishi yake yakasomeka sawasawa. Picha haikuwa imegeuka hata kidogo. Mimi ndiye niliyeuliza kama daktari ana mashoto. Aliliweka boksi mezani. Kisha akasema ndiyo, tangu kuzaliwa. Aliyemfundisha alimwambia mpasuaji wa mashoto ni hatari kwa anayesimama ubavuni mwake, naye akajilazimisha kutumia mkono wa kulia maisha yake yote ya kazi. Sasa yuko mezani peke yake, hana wa kumgonga, na mkono umejirudia wenyewe. Akasema aliona haya kutuambia. Halafu akaniambia nisogeze mikono karibu na kamera, nishone kwa upande wangu, na darasa zima linitazame.

Sasa nikwambie nililokuficha. Kabla ya darasa hili nilikuwa nimeshamwomba mkuu wa masomo anitoe kwenye upasuaji. Nilichoka kuwa mzito kwa mkono usio wangu. Leo nimemwambia nabaki. Mama Fundo amesema tukirudishwa kwenye chumba cha upasuaji nitasimama upande unaonifaa, yeye mbele yangu, na mkasi wa mashoto ameshauagiza.

Na wewe je, mama? Mara nyingi nimekuona jikoni ukidhani uko peke yako, kisu kiko mkono wa kushoto, na mlango ukilia unakihamishia wa kulia. Sikuwahi kuuliza. Nilidhani unanionea, kumbe ulikuwa unaniogopea. Nikija tukate vitunguu pamoja, na mlango ulie unavyotaka.

Mpe baba salamu zangu, na redio yake pia. Goti ulipumzishe.

Ni mimi mwanao,
mwenye mashoto kama mamaye.