Kitanda cha Kiranja

Chumba cha juu,
Nyuma ya duka la vitambaa.
Jumapili asubuhi, mwezi wa sita.

Mpendwa mdogo wangu Kiranja,

Hujambo? Umelala? Umekula? Usinijibu kwamba uko sawa, nakujua. Huku sote wazima. Goti la Mama bado linamsumbua, ila mdomo wake hauna ugonjwa wowote.

Tangu uliponipigia Jumanne ukilia, moyo wangu umetulia. Najua inasikika vibaya. Lakini miezi yote uliyosema unapumzika tu, mimi ndiye niliyekuwa silali. Sasa najua kwamba ulifeli mtihani wa udaktari bingwa, ukaacha kwenda kazini, ukajifungia ndani. Afadhali kujua.

Ngoja nikupe ya kazini. Nimepewa sauti ya katuni, pundamilia mmoja ana majivuno huyo! Anapiga pasi milia yake, analala na medali shingoni, na wenzake wakicheza yeye anafanya mazoezi ya kushinda. Siku moja anatumbukia shimoni. Wenzake wanapita, wanamuuliza anafanya nini humo. Eti anapumzika! Studio nzima ilicheka, isipokuwa mimi.

Tatizo likawa pale anapokubali kuomba msaada. Nilibembeleza, nikalialia, mwongozaji akakataa kila mara. Akasema huyo si pundamilia wake, na nikishindwa tena sauti hiyo atampa mwingine. Kumbe huyo pundamilia nilimdhania ana dharau, na mwenzangu ana hofu tupu. Anaamini akivua medali hakuna atakayemtambua.

Jumatano nikasimama kwenye maikrofoni nikakukumbuka wewe. Hukubembeleza hata kidogo. Ulisema harakaharaka, kama unayenigombeza: "Dada, nimeshindwa. Nataka kurudi nyumbani. Nisaidie."

Nikasema vilevile. Mwongozaji akaikubali, akauliza sauti ile nimeitoa wapi. Nikamwambia nyumbani. Usininunie, jina lako sikulitaja.

Shangazi mshonaji anakusalimu sana, anataka vipimo vipya kwa kuwa ana hakika umekonda. Mjomba dereva naye salamu zake. Anaosha gari kila asubuhi kana kwamba unatua leo. Ukipata siku ya safari tuambie, maji yatamwishia.

Mama nilimweleza yote. Nilidhani atazimia, maana ndiye aliyekutangaza mtaa mzima. Aliuliza tu kama unakula, kisha akaingia chumbani kwako. Unakumbuka vikombe vyako vya ushindi wa shuleni vilivyojaa kabatini hadi akavipanga juu ya kitanda chako? Kavitia vyote kwenye gunia, katandika shuka safi. Kasema mtoto wake anahitaji pa kulala.

Mungu akushike mkono mpaka mlangoni kwetu.

Wako akupendaye hata ukishika mkia,
Dada yako