Kulifungua Gari la Baba

Jumamosi, 7 Juni

Boneti limetoka. Madigadi mawili ya mbele pia. La kushoto lilikataa mpaka nikalipiga nyundo, bolti zikakatika. Mikono inanuka mafuta ya taa, mgongo unauma, na niko sawa kabisa.

Jana tulilivisha magurudumu ya kuazima, mimi na Kariuki, fundi wa bodi wa hapo chini barabarani, tukalisukuma kutoka pale lilipokaa juu ya mawe tangu Baba afariki. Sasa liko ndani ya gereji yangu mpya ya mabati. Stesheni wagoni nzima, peke yangu, ya kufungua nati kwa nati. Mpango ni huu: Krismasi Mama aende kanisani kwa gari la mumewe, amekaa mbele, watu wageuke. Acha niseme ukweli, nataka wageuke waniangalie na mimi. Tangu kazi ya Nairobi iishe wananiangalia kwa huruma. Nimechoka na huruma.

Ndani nimekuta vitu vya Mama. Mto, shali, Biblia ya maandishi makubwa, kiondo alichoanza kusuka. Amefanya gari stoo. Nimevitia kwenye katoni nikampelekea jikoni. Amesema asante.

Jumapili, 8 Juni

Kanisa. Hakuna spana leo, Mama hataki kusikia chuma kikigongwa siku ya Bwana. Baada ya chakula akauliza viti vitarudi lini. Nikamweleza: vinakwenda Karatina kwa fundi, sponji mpya, kitambaa kipya, rangi ileile ya zamani. Niliongea sana. Akasema sawa. Nilitegemea afurahi zaidi ya hapo.

Alhamisi, 12 Juni

Siku mbaya. Kioo cha mbele kimepasuka. Raba yake ilikuwa imekauka kama ugali wa juzi. Kariuki aliniambia niikate kwa wembe, polepole. Mimi nikaingia ndani nikasukuma kioo kwa mguu. Ujinga mtupu. Nimetukana kwa Kiingereza ili Mama asielewe.

Alikuja na ufagio akafagia vipande. Akabaki mlangoni kitambo, anatazama pale kioo kilipokuwa. Nikafikiri anamkumbuka Baba, nikamwacha.

Jumanne, 17 Juni

Injini imetoka. Inaning'inia kwa mnyororo kwenye boriti, na boriti imeshika. Nimempigia dada yangu Wairimu kule Kiriaini kumwambia. Alisikiliza kidogo, kisha akauliza kwa nini Mama anakohoa siku hizi. Kwani anakohoa?

Anakohoa.

Jumatano, 25 Juni

Baridi kali. Mlima haujaonekana wiki nzima, ni ukungu na manyunyu tu. Sakafu ya gari yote ilikuwa kutu. Kutu ni kama umbea, unaigusa hapa unakuta imeshafika kule. Kariuki ameikata kwa grainda. Sasa ukisimama ndani ya gari unakanyaga udongo.

Mama yuko jikoni kutwa, kwenye moshi, macho mekundu. Nimemwambia akae sebuleni kama watu. Akakaa kidogo, akatoka. Sebule yenyewe ni simiti tupu na upande wa kivuli. Jua likichungulia anabeba kigoda chake mpaka ukutani, upepo unamfukuza, anahamia upande wa pili, anarudi. Nilimtania kwamba amekuwa kuku anayetafuta pa kutagia. Naye akacheka.

Jumamosi, 28 Juni

Naandika hii mkono ukiwa mzito.

Jirani yetu Mama Gathoni amerudi kutoka Nakuru, alikokwenda kumwona mjukuu. Asubuhi ameingia langoni na kiondo chake kwapani, akaenda moja kwa moja mpaka pale gari lilipokuwa. Akasimama kwenye zile nyasi za njano akiangalia huku na huku. Kisha akaja gereji, akachungulia ndani ya bodi, akaangalia chini ambako hakuna chini.

"Sasa sisi tutakaa wapi?"

Nikamuuliza nyinyi nani.

"Mimi na mama yako. Hiyo gari ndio ilikuwa nyumba yetu ya kuota jua. Ati hukujua?"

Sikujua. Amenieleza taratibu, kama unavyomweleza mtoto. Pale juu ya mawe jua lilikuwa linalipiga gari tangu asubuhi. Ukifunga vioo, joto linaingia na upepo unabaki nje. Magoti ya Mama yalikuwa yanapata nafuu humo tu. Yeye alikaa mbele upande wa abiria, Mama Gathoni kwenye usukani, wanasuka, wanasoma Biblia, wanasengenya. Wakichoka wanaulizana wamefika wapi. Siku moja walifika Mombasa.

Mimi nilimwona Mama humo kila asubuhi. Nilijua kabisa anaingia. Nikadhani anaomboleza, nikaona njia ya kumfurahisha ni kulifanya gari litembee. Hakutaka litembee. Lilikuwa limesimama vizuri pale lilipokuwa.

Nimebomoa chumba cha mama yangu kwa spana, na yeye akiniletea chai.

Jumatatu, 30 Juni

Nimezunguka maduka yote ya spea mjini Nyeri nikitafuta kioo cha mbele. Duka la mwisho ni la Mhindi mzee aliyekuwa akimuuzia Baba. Amenikumbuka hata mimi, nikiwa mdogo. Alivua miwani akasema, "Hiyo kioo ilikwisha zamani, bwana. Weka plastiki tu." Ikabidi ninunue hata globu moja nisitoke hivihivi.

Nikashuka Karatina kuchukua viti. Nimekuta vimeshachanwa, springi nje, fundi anangojea sponji. Nikarudi mikono mitupu. Njiani nilikuwa napiga hesabu za kulisukuma gari lirudi mahali pake hata leo. Nirudishe nini? Halina sakafu, halina kiti, halina kioo. Ni mbavu zimebaki.

Mama ameniuliza kama nimepata spea zangu. Nimesema baadhi.

Ijumaa, 4 Julai

Kifua cha Mama. Tumeshinda hospitali. Daktari, msichana mdogo mpole, amesema ni moshi na baridi, akauliza mgonjwa huwa anakaa wapi mchana. Mama akajibu haraka kuliko mimi, akasema anakaa vizuri. Nimejichukia pale kwenye benchi.

Wairimu amepiga simu usiku. Nimemweleza yote. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Jumapili, 6 Julai

Wairimu na mumewe wamekuja kumchukua Mama. Kiriaini nako ni baridi ileile ya mashamba ya chai, lakini wana veranda ya vioo upande jua linakotokea. Sikubishana. Ningebisha na nini?

Akiwa anapanga soksi kwenye begi nimemuuliza kwa nini hakuniambia. Neno moja tu siku ile ya kwanza, ningeliacha gari. Ameendelea kupanga.

"Ulirudi kutoka Nairobi ukanyamaza," akasema. "Miaka mbili, unakula na kulala tu, mimi naomba usiku nisikupate umekufa. Halafu ukaanza kufungua hiyo gari, nikasikia unapiga mluzi. Sasa ningekuambia nini?"

Sikuwa najua kwamba napiga mluzi.

Nimebeba begi mpaka kwenye gari lao. Nimemfunga mkanda kwa sababu vidole vyake havina nguvu tena. Akanishika shavu, mkono wake baridi, akaniambia nisisahau kula.

Jumanne, 8 Julai

Sijagusa spana.

Jumatatu, 14 Julai

Kariuki alikuja kuuliza kama tunaendelea. Ana bati zuri la sakafu, amelipata kwa bei ya urafiki. Nilimwambia alilete. Sikuwa na hamu, lakini mzoga ule siwezi kuuangalia kila siku ulivyo, na kuuza vyuma vya Baba kwa kilo siwezi pia. Amelipima na kuliwekea alama kwa chaki. Mimi nilishikilia tu aliponiambia nishikilie. Ametaka kujua Mama anaendeleaje. Nimesema anaendelea vizuri kwa binti yake, na ni kweli. Ndiyo inayouma.

Jumamosi, 19 Julai

Jua leo, la kweli. Mlima wote nje, mpaka theluji. Mama Gathoni amepita hapo langoni, nimemkaribisha chai. Amesema ana haraka. Hana haraka yoyote, namjua, alisimama na mwenye maziwa mpaka maziwa yakataka kuganda.

Mama amepiga simu jioni. Sauti ina nguvu. Kikohozi kimepungua, na amepata wenzake wawili wa kusuka nao pale verandani, mmoja mchekeshaji sana. Nikamwambia sakafu ya gari imeshachomelewa, na huenda kuna mtu Nakuru mwenye kioo. Akasema vizuri, nisiache. Hakuuliza litaisha lini.

Kisha akaomba nimtumie nguo zake. Nikauliza za baridi?

"Zote."

Nimezitoa kabatini nikazilaza kitandani kwake. Si nyingi. Nimezikunja mwenyewe, sketi kwanza, halafu sweta, halafu zile blauzi zake za kanisani ambazo sikujua zinakunjwaje. Zimeingia kwenye mfuko mmoja. Kesho nitaupeleka stendi uende na gari la kwanza la Kiriaini.