Meli Mbili na Uongo Niliomwambia Joses

Mpendwa Shangazi Beryl,

Nakuandikia nikiwa ndani ya banda la kufungashia matufaha, mlango nimeufunga, mke wangu Colleen anadhani natengeneza trekta, na kama ungeliona hilo trekta ungejua kwamba nalo linahitaji ushauri wako, lakini leo nina zito zaidi.

Mimi ni mkulima wa matufaha hapa Stanthorpe, nina miaka hamsini na sita, kitambi cha kiasi na woga usio na kiasi, na mwezi ujao tunatimiza miaka thelathini ya ndoa, kwa hiyo nilimwahidi Colleen safari ya meli ya kitalii kutoka Brisbane, nikiwa na hakika kwamba atasahau, na hakusahau. Sasa ziko meli mbili na ni lazima nichague kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo. Ya kwanza inatua kwenye kisiwa kidogo ambacho ni mali ya kampuni ya meli yenyewe, kina uzio, kina walinzi, kina vitanda vya kuotea jua vilivyopangwa mstari kama wanafunzi wa paredi, na soseji ni zilezile tunazokula klabuni. Ya pili inatua Luganville, bandari ya kisiwa cha Santo, nchini Vanuatu, na hapo ndipo penye kisa.

Santo ni kwao Joses Moli. Joses amekuja kutuchumia matufaha misimu tisa mfululizo, Februari hadi Mei, na kila Jumapili anakula mezani kwetu, na kila Jumapili anamwambia Colleen, "Mama, siku moja na nyie mtakuja kula kwetu." Colleen anatokwa na machozi. Mimi naomba nisogezewe viazi.

Ugonjwa wangu, Shangazi, ni kusoma. Nilifungua ukurasa wa serikali wa tahadhari kwa wasafiri nikasoma mpaka macho yakauma, mbu, matetemeko, mikondo ya bahari, barabara zisizo na taa, mbwa, nikachora jedwali kama tunavyochora sisi wakulima, hatari upande huu, kinga upande ule, nikafika mstari wa thelathini na moja nikampelekea Colleen. Akalisoma lote.

"Remo," akasema, "hapa umeandika 'nazi'."

"Zinaanguka, mpenzi."

"Na wewe ulianguka jikoni ukibadilisha taa. Nikuandike mstari wa thelathini na mbili?"

Hapo ilifaa ninyamaze. Lakini Jumanne Joses akapiga simu kutoka kijijini kwao, juu ya kilima kinachotazama bandari, kuku wanalia nyuma yake, akauliza kama tumeshachagua meli, maana Colleen alishamweleza habari za safari, na mimi, kwa mdomo huuhuu unaokula laplapu yake ya viazi vikuu vya kuokwa na tui la nazi kila mwisho wa msimu, nikamwambia, "Pole sana, Joses, ndugu yangu. Meli za siku hizi hazitui Santo."

Nikamsikia akiwafukuza kuku ili anisikie vizuri.

"Hazitui, bosi?"

"Hazitui kabisa."

"Sawa, bosi. Basi hii nyeupe ninayoitazama ikiingia bandarini labda imepotea njia."

Akacheka, Shangazi, akacheka dakika nzima, na mimi nikacheka naye kama mtu aliyebanwa kidole na mlango, akasema nimsalimie mama, akakata. Tangu siku hiyo hajapiga tena. Colleen hajui. Anachojua ni kwamba mama yake Joses ametusukia mkeka wenye majina yetu mawili, na kila siku ananiuliza tutautandika chumba gani. Nikichagua kisiwa cha uzio, Februari nitamtazamaje Joses mezani kwangu? Nikichagua Santo, jedwali langu litaniua kabla ya nazi. Nifanye nini?

Ni mimi,
Mwoga wa Stanthorpe (tafadhali usitaje jina langu)

*

Shangazi Beryl anajibu:

Mwoga wangu, umeniomba nisitaje jina lako, kisha umelitaja mwenyewe, ukamtaja na mkeo, zao lako na trekta lako. Wilaya nzima imeshakujua. Gazeti hili linafika Stanthorpe Alhamisi asubuhi, na Colleen bila shaka huanza na ukurasa wangu kama watu wote wenye akili. Kwa hiyo kama unasoma hapa na hujakiri bado, weka kikombe chini, nenda jikoni kwa miguu yako.

Umerudi? Haya.

Sikulaumu kwa kuogopa. Mume anayempeleka mkewe baharini bila kuuliza lolote ana kasoro. Wala sikidharau kile kisiwa cha uzio. Nilikwenda mwaka juzi na goti langu bovu, nikalala siku nzima nikitazamana na watu wa Toowoomba, ambao huwa nawaona Toowoomba bure. Nilirudi salama. Kingine sikumbuki.

Lakini hilo jedwali! Kwani wewe unaishi wapi? Kila asubuhi unakung'uta gambuti kabla ya kuvaa, usije ukakanyaga buibui. Chini ya tangi lako la maji yuko nyoka wa kahawia, na kwa ninavyowajua wakulima, umeshampa jina. Na kila Februari, siku ya kwanza ya msimu, unapanda juu ya kreti mbele ya wachumaji, unawatajia kila kitu shambani kwako kinachoweza kuwaua: nyoka, buibui, ngazi, trekta, jua. Halafu unawapa karatasi wasaini. Unafanya vizuri, ndiyo sheria. Sasa fikiri: misimu tisa Joses amesimama pale, mbali na mama yake, akaisikiliza orodha yako ya vifo, akasaini, akapanda ngazi. Jumapili akaja kukualika kwao. Wewe umeona neno nazi, ukakimbia.

Aibu, Remo. Aibu ya kiasi, kama kitambi chako.

Fanya hivi. Mpigie Joses leo. Usizungukezunguke, mwambie ulimdanganya, na kilichokudanganyisha ni woga. Anajua tayari, anangoja tu useme mwenyewe. Kisha mwombe na yeye apande juu ya kreti. Yeye ndiye anayejua wapi panaogeleka na wapi hapaogeleki, na gari la nani la kupanda. Atakachokuambia, saini. Mbu na malaria mwone daktari wiki hii, usingoje mpaka ufike gatini. Na ukiwa melini uliza wanafuata saa ipi, maana saa ya meli na saa ya kisiwa hazipatani kila mara. Vaa saa ya meli, rudi gatini mapema kwa saa nzima. Hiyo ndiyo hatari niliyoitafuta kwenye mistari yako thelathini na moja nisiione: meli haimngoji mtu aliyeongeza sahani ya tatu.

Lipia Santo kabla ya Ijumaa. Jedwali mpe Colleen, afungie zawadi ya kumpelekea mama yake Joses.

Nyongeza: Si desturi yangu, lakini kwa kumhurumia Colleen nilimtumia Remo jibu hili Jumatatu. Jana amenipigia. Amekiri kwa wote wawili, amelipia Santo, na Joses amepanda kweli juu ya kreti, ukoo mzima ukimsikiliza, simu ikiwa na sauti ya juu pande zote mbili.

"Moja, bosi, usikae chini ya mnazi. Mbili, usikanyage matumbawe bila viatu. Tatu, gari la binamu yangu halina breki, mtakuja na la mchungaji. Nne, mama yangu akikupakulia, usiseme umeshiba."

Colleen akamnyang'anya Remo simu.

"Joses, mwanangu, hilo la nne liruke. Huyu hajawahi kulisema tangu nimemjua."