Kamba Nyeupe ya Kisigino

Jumanne, Mikumi. Mawingu tangu asubuhi. Mvua hainyeshi wala haiondoki. Nami hivyo hivyo. Nakaa, nainuka, naruka kwa mguu mmoja hadi mlangoni, narudi.

Jumamosi tulicheza na maveterani wa Ruaha. Mtaa mzima unajua beki wao, jitu lenye mapaja kama magogo, alinipiga teke kisiginoni kwa nyuma, mlio ukasikika hadi Kidodi. Kila nikisimulia, beki anarefuka.

Siku tatu nakandwa kwa maji ya moto. Nilisema mguu umeteguka tu. Nani anijuze miguu, mimi niliyechuna mbuzi wasiohesabika?

Leo kaja Zaina, mtoto wa dada yangu, anayesomea utabibu Morogoro. Shikamoo, marahaba, nikaanza hadithi. Hakucheka. Akanilaza kifudifudi, akaminya shavu la mguu mzima: unyayo ukacheza. Akaminya la mguu mbovu.

Haukucheza.

"Mjomba, mbuzi buchani mnamtundikaje?"

"Unatoboa juu ya kisigino, kati ya mfupa na ile kamba nyeupe, unapitisha ndoano. Hata beberu haanguki."

"Basi ya kwako imekatika. Na wewe unaikanda!"

Kumbe hiyo ni kano, inafunga msuli kwenye mfupa. Zipo kamba nyingine zinazofunga mfupa kwa mfupa. Gegedu, ile nyeupe laini ya kwenye maungio, inazuia mifupa ya goti isisagane. Mafuta yanatunza joto. Ukoo mzima unaitwa tishu unganishi, eti hata mfupa na damu vimo. Damu! Nikabisha. Akasema ndiyo inayopeleka hewa na chakula kila kona ya mwili. Mimi wa darasa la saba nikajipapasa kisigino. Maisha yangu yote nimejisifia misuli tu.

"Kano haipati damu nyingi, inapona polepole," akasema. "Ukizidi kuchelewa, Mjomba, utachechemea mpaka kaburini. Kesho hospitali. Ila teke lenyewe mbona halina alama?"

Nikageuka chali, nikauliza kama mvua imeanza.

Hapa naandika ukweli. Nilikuwa nakimbilia mpira peke yangu, nikasikia *pa!*, nikageuka kumtafuta aliyenirushia jiwe. Hakukuwa na mtu. Beki alikuwa mbali, ameinama anafunga kiatu.

Naogopa. Shamba langu liko mlimani, na mlima haupandwi kwa maneno.

Asubuhi daktari akiniuliza, nitasema sikuguswa na mtu.

Ila lile lingekuwa bao. Hilo silifuti.