Kapiteni wa Mars Mfukoni mwa Papa

Bel-Air, Lubumbashi
Tarehe 17 Machi 2024

Kwa dada yangu mkubwa, yaya wangu mpendwa Virginie,

Pokea salamu zangu mimi mdogo wako Elisée, na kwanza niambie: kifua cha mtoto Emmanuella kimepona? Shemeji Paluku hajambo na matope ya barabara zenu? Sisi huku tunapumua. Mvua bado inapiga mabati, na shangazi yetu, Tantine Lydie, hajaondoka tangu mazishi ya papa, baba yetu. Anatuamrisha wote kama mwenye nyumba.

Yaya, siku ile ulipofika tumeshazika, nguo zako zimejaa tope la njia ya Mitwaba, hukupewa hata kiti. Tantine alikupa mgongo. Ulilala usiku mmoja ukarudi, na hukumwuliza mtu kitu. Sababu yake ninayo mimi, ndiyo maana naandika. Ila niache nianzie kwenye mchezo, la sivyo nitakosa nguvu.

Unajua tangu utoto nilivyopenda vita vya mezani, vya askari wadogo na dadu. Miaka mitatu iliyopita nilianza kutunga vyangu. Viko kwenye sayari ya Mars, zama zile Wazungu wa malkia walipoendesha kila kitu kwa mvuke. Wanateremka na meli za hewa na mashine zinazotembea kwa miguu, wanataka shaba. Wenyeji wa Mars wanalinda mifereji yao ya maji. Nilidhani papa atanicheka, yeye aliyefanya kazi karakana ya reli maisha yake yote. Kumbe alivuta kiti, akasema boila nilizochora zingelipuka kabla ya kufika kituo cha kwanza. Tangu hapo, kila Jumapili tukitoka misa, tulikuwa wawili mezani. Yeye alisokota askari kwa waya wa shaba wa mota zilizokufa, mimi nikichuja udongo mwekundu wa kichuguu na kuugundisha kwenye ubao. Alichagua upande wa watu wa Mars, na kwenye dadu alikuwa anaiba bila haya.

Mwaka jana alitengeneza kapiteni mwanamke: kofia pana, kichwa kikubwa kama chako, usinikasirikie. Akamsimamisha juu ya meli ya hewa ya kopo la sardini, akasema huyu ni wako wewe, yaya. Papa huyo huyo aliyekataa kuja kwenye ndoa yako kwa sababu Paluku si mtu wa kwetu! Halafu akaandika sheria kwenye daftari langu kwa mkono wake: askari anasogezwa na mwenyewe tu. Kila nikigusa meli ile alinipiga vidole: "Acha iyi. Iko na mwenyewe. Atakuya."

Januari, rafiki yangu Mardochée, mwenye mashine ya kuchapa, alinipa wiki moja nimletee kitabu cha sheria kwa ajili ya maonyesho. Vilibaki vita vya mwisho, tujaribu namna mchezo unavyoisha. Papa akakataa kucheza bila wewe. Aliniambia nikuandikie, maana namba yako ninayo mimi peke yangu, nikwambie kwamba anaomba msamaha, uje na bwana wako. Neno lile, msamaha, alilirudia mara mbili akitazama ubao.

Sikuandika, yaya. Nilifikiria njia ya Mitwaba wakati wa mvua, nikahesabu siku, nikaona kitabu changu kinakufa. Kesho yake nilimwambia papa kwamba umejibu hutaki. Nilidhani atanuna kidogo, atasogeza meli, tutamaliza, kisha nitakuita na uongo utajifuta. Papa alimwinua kapiteni, akamtia kwenye mfuko wa shati, akasema amechoka. Hakukaa tena kwenye meza ile. Nilikuwa na wiki nne za kusema kweli, nikazimaliza kwa kusahihisha kurasa za kitabu alizochapa Mardochée, mpaka moyo wake ukasimama. Tantine alisikia kwa papa mwenyewe kwamba umemkatalia. Ndiyo maana ya ule mgongo.

Kitabu kilitoka, watu wakakisifu. Mimi sijakifungua.

Jumamosi tarehe 6 Aprili ni siku ya arobaini, tunamaliza matanga. Nitasoma maneno haya mbele ya Tantine na ukoo wote, uje usije. Kukuomba msamaha naona aibu: papa ndiye aliyetangulia kuuomba, na nilikunyima nafasi ya kumjibu. Moyo wangu umevunjika, na nimeuvunja mwenyewe.

Dan, dereva wa shemeji, anakuletea barua hii na kifurushi kidogo. Ndani yumo kapiteni wako. Nilimkuta kwenye shati la papa tulipokuwa tunakunja nguo zake. Utaona kofia inang'aa kuliko waya mwingine wote; ndipo papa alipokuwa anapapasa kwa kidole gumba. Meli yake iko mezani pale pale. Hakuna aliyeisogeza.

Msalimie shemeji, mbusu Emmanuella. Nyumba nzima ingekusalimu kama ingejua.

Mimi mdogo wako, niliyemdanganya baba yetu kwa jina lako,

Elisée