Makofi ya Mgeni wa Neema

Mdogo wangu Tabitha,

Mimi na magoti yangu tumefika Mikumi salama. Tembo nimekutumia huyo wa kwenye picha ya kadi hii, mimi nimekuja kumwona Neema. Waambie Magomeni yetu ya Kilosa nzima: chuoni, aliyechaguliwa kuwapokea wanafunzi wa nchi za nje ni mwanangu!

Ila alikuwa na shida. Binti mmoja wa Zambia, tangu afike hataki kula, analia anataka kwao. Jana nikawapelekea ugali na mlenda bwenini. Binti aliponiona akachuchumaa, akanipigia makofi taratibu. Nikajua ananipongeza kwa kumzaa Neema, nikampungia mkono kama waziri!

Neema akamwuliza kwa Kiingereza chake kile, kisha akacheka hadi machozi.

"Mama, hiyo ndiyo shikamoo ya kwao!"

"Marahaba, mwanangu!" nikaitika, nikafunua bakuli. Alikula akalamba vidole. Kumbe kwao nao ugali ndio chakula!

Likizo Neema atakuja naye Kilosa. Akikupigia makofi, usijivune kama mimi. Itika marahaba, kisha songa ugali mkubwa.

Nimewakumbuka mno wewe na watoto.

Dada yako,
Mama Neema